Thucydides wa Strassler: kitabu kizito, ramani kibao, na thamani yake ipo

Niseme mapema kabisa, hiki kitabu nimekipenda na nampendekezea mtu yeyote anayejali historia au siasa, au hata yule anayetaka tu kuelewa inakuwaje watu wenye akili zao timamu wanakaa kikao, wanasikiliza hotuba, wanapiga kura, alafu wanaamua jambo la kujimaliza wenyewe. Nachozungumzia ni The Landmark Thucydides, toleo lililohaririwa na Robert B. Strassler, lilitoka mwaka 1996. Ndani yake ni ile historia ya vita vya Athens na Sparta, miji miwili ya Ugiriki ya kale, vita vilivyoanza 431 KK vikaisha 404 KK, na aliyeandika ni Thucydides mwenyewe aliyekuwepo, akapewa cheo cha jemadari, akaugua tauni akapona, na baadae akaishi uhamishoni miaka 20. Nitasema kuhusu vitu viwili kwa pamoja, toleo kama bidhaa unayoitolea hela na huyu mwandishi wa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, kwa sababu kwangu havitenganishiki, toleo baya linamzika na toleo zuri linakufanya umwelewe.

Shida ya Thucydides kwenye matoleo ya kawaida ni kwamba aliandika kwa ajili ya watu waliokuwa wanaijua bahari ya Aegean nje ndani. Anakutajia Potidaea, Naupactus, Amphipolis, Corcyra, Pylos, haraka haraka, kama mtu wa Dar anavyotaja Mbagala na Ubungo na Tegeta, hana muda wa kukuelekeza. Msomaji wa leo hata hajafika mbali kashapotea, hajui jeshi limetoka kaskazini au kusini, nani yuko upande wa nani, na wengi wanaacha hapo hapo wakisema kitabu ni kigumu. Kumbe kinachowakwamisha ni kukosa ramani tu.

Hapo ndipo Strassler amefanya kazi ya maana. Kuna ramani zaidi ya 100 na hazijarundikwa mwisho wa kitabu, zimewekwa pale pale tukio linapotokea, kwa hiyo ukisoma kuhusu Pylos unainua macho unaiona Pylos, na kila mji unapotajwa kuna maelezo chini ya ukurasa yanakwambia uuangalie ramani ipi. Pembeni mwa kila aya kuna muhtasari mfupi wa kinachoendelea, nani na wapi na mwaka gani. Juu ya kila ukurasa kuna mstari unaokwambia uko kitabu cha ngapi (historia yake imegawanywa vitabu vinane), mwaka gani KK, majira gani, sehemu gani ya Ugiriki. Yaani unaweza kukifungua popote baada ya wiki mbili bila kukigusa ukajua uko wapi. Kwa mtu anayesoma kwenye daladala au usiku watoto wakishalala, hii ni msaada mkubwa sana, na sijaona toleo jingine la huyu mwandishi linalomjali msomaji wa kawaida kiasi hiki.

Suala la tarehe peke yake lingetosha kunishawishi. Zama zile kila mji wa Ugiriki ulikuwa na kalenda yake, miezi yake na mwanzo wake wa mwaka. Thucydides anapotaka kukwambia vita vilianza lini inabidi aseme ilikuwa mwaka wa 48 wa kuhani Chrysis kule Argos, wakati Aenesias ndiye ephor, yaani mmoja wa viongozi wa juu, wa Sparta, na Pythodorus anakaribia kumaliza kipindi chake cha uongozi Athens. Fikiria kazi hiyo, kutaja watu watatu wa miji mitatu ili tu upate mwaka mmoja! Ndio maana akaamua kuachana na utaratibu huo akahesabu kwa majira, kiangazi cha kwanza cha vita, majira yake ya baridi, kiangazi cha pili, hivyo hivyo, na anaeleza kabisa kwamba kuhesabu kwa majina ya viongozi hakuna uhakika kwa sababu tukio laweza kutokea mwanzo wa kipindi cha mtu au katikati au mwisho. Mtu anayefikiria mpaka jinsi ya kuhesabu miaka, huyo yuko makini na kazi yake. Na Strassler naye kaichukua hesabu hiyo akaigeuza kuwa miaka ya KK kila ukurasa, wewe unasoma tu.

Mwisho wa kitabu kuna nyongeza 11 zilizoandikwa na wataalamu mbalimbali, fupi fupi, kuhusu serikali ya Athens, serikali ya Sparta, Waajemi, vita vya nchi kavu, sarafu, kalenda, sikukuu za dini. Sio zote zimenigusa sawa lakini ile ya vita vya majini isome kabla hujafika mbali. Merikebu yao ya kivita ilikuwa na wapiga makasia 170 waliokaa safu tatu, moja juu ya nyingine, na silaha yake kubwa ilikuwa ni pua ya shaba ya kumtoboa adui ubavuni. Merikebu kama hiyo ilijengwa upya Ugiriki, inaitwa Olympias, ikaingia majini 1987, na watu walipoipiga makasia kweli kweli ndipo mengi yaliyokuwa yanabishaniwa kwenye makaratasi yakaeleweka. Ukishajua ndani ya chombo kile kulikuwa na watu 170 wamebanana wanavuta makasia, kuna sehemu za hiki kitabu zitakukamata koo.

Mfano ni habari ya Mytilene. Mji huo uko kisiwa cha Lesbos, ulikuwa chini ya Athens, ukaasi, ukashindwa mwaka 427 KK. Watu wa Athens wakakutana kwa hasira wakapiga kura wanaume wote wazima wauawe na wanawake na watoto wauzwe utumwani, merikebu ikatumwa siku hiyo hiyo kupeleka amri kwa jemadari Paches. Kesho yake wakaamka roho zinawasuta. Wakakutana tena, Cleon akasimama akasema msibadilishe, huruma itawaponza, akasimama Diodotus, na huyu hata hakuomba huruma, alisema tu kuua mji mzima hakutatusaidia sisi wenyewe. Mikono ikanyooshwa, karibu zilingane, Diodotus akashinda kwa kura kidogo. Sasa ile merikebu ya kwanza ilikuwa imeshatangulia kama mchana mmoja na usiku. Ikatumwa ya pili. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athens wakawapa wapiga makasia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi, na jamaa wakawa wanakula huku wanavuta makasia, unga umekandwa na divai na mafuta, wanalala kwa zamu, hawasimami. Upepo kwa bahati haukuwapinga. Ile ya kwanza ilikuwa inaenda taratibu kwa sababu waliomo hawakuwa na haraka ya kazi ile mbaya. Ya pili ikatia nanga Paches ameshaisoma amri na yuko mbioni kuitekeleza. Usome hiyo ukiwa na ramani mbele yako, uone Athens iko wapi na Lesbos iko wapi ng'ambo ya bahari, umbali wote ule umevukwa kwa mikono ya watu. Na Thucydides hakupambii, mara tu baada ya hapo anakwambia viongozi wa uasi, zaidi kidogo ya 1,000, waliuawa hata hivyo.

Hii ndiyo thamani yake kubwa nionavyo mimi, anakukalisha ndani ya kikao. Wanahistoria wengi watakwambia mji fulani uliamua hivi. Yeye anakuonyesha nani alisema nini, nani aliogopa, nani alikuwa na hasira za jana, hoja ipi ilishinda na ipi ilikuwa sahihi ikashindwa. Kuhusu hotuba yuko wazi tangu mwanzo, anasema ilikuwa vigumu kukumbuka maneno yenyewe hivyo amewapa wasemaji kile kilichoelekea kusemwa kwa wakati ule, akishikilia kwa karibu maana ya jumla ya kilichosemwa. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona heri mtu anayekwambia njia aliyotumia kuliko anayeificha. Na kuhusu matukio anasema hakuchukua habari kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye, alihoji, akalinganisha, na akaona hata mashuhuda wa tukio moja hawakubaliani, kwa sababu ya upendeleo au kumbukumbu kuwachezea. Hayo kayasema karne ya tano KK, na leo hii ukiwa na simu mkononi unapokea habari za uongo kutwa nzima, unaona kabisa huyu mtu anafaa kusomwa.

Alafu kuna jinsi alivyojiandika mwenyewe, hapa ndipo nilimpa heshima yangu yote. Majira ya baridi ya 424 KK, Brasidas wa Sparta alitembea na jeshi usiku kwenye theluji akaushtukiza mji wa Amphipolis, mji muhimu sana kwa Athens kule Thrace, kaskazini mwa Ugiriki. Jemadari wa Athens aliyekuwa na merikebu karibu alikuwa Thucydides, yuko kisiwa cha Thasos, nusu siku kwa bahari. Akaondoka na merikebu saba kwa kasi. Brasidas akasikia anakuja, na akijua huyu ana haki za machimbo ya dhahabu maeneo yale na ana ushawishi kwa wenyeji, akawapa watu wa Amphipolis masharti mepesi ili wafungue mji haraka, nao wakafungua. Thucydides akafika jioni, Amphipolis imekwenda, akawahi kuuokoa Eion tu, bandari ya jirani, ambao nao ungechukuliwa usiku ule ule. Ndiyo ikawa mwisho wa kazi yake ya jeshi. Sasa soma anavyoieleza, aya chache, anajitaja kwa jina kama anamtaja mtu mwingine, Thucydides mwana wa Olorus aliyeandika habari hizi, basi. Hajitetei. Hasemi upepo ulikuwa mbaya, halaumu waliomhukumu. Hata habari ya kufukuzwa haiweki hapo, anakuja kuitaja mbele huko kwa sentensi moja, na anachosema ni kwamba uhamisho ulimpa nafasi ya kuona mambo ya pande zote mbili, hasa upande wa Wapeloponnesi, yaani Sparta na washirika wake. Sijui viongozi wangapi waliostaafu wanaweza kuandika kumbukumbu zao namna hiyo.

Kitu kingine ni mpangilio wake, ambao watu wanaosoma vipande vipande wanaukosa. Hotuba ya mazishi ya Pericles, kiongozi wa Athens, wengi wameisikia, ile ya kuisifia Athens, demokrasia, uhuru, mji wetu ni shule kwa Ugiriki nzima. Inachapishwa peke yake mara nyingi, inafundishwa peke yake. Lakini kwenye kitabu, ukimaliza tu hotuba, aya moja ya kufunga majira na hapo hapo tauni inaingia. Hakuna kupumzika. Anasema inasemekana ilianzia Ethiopia, juu ya Misri, ikashuka Misri na Libya, ikafika Athens kupitia bandari ya Piraeus, na watu wa kwanza kupatwa wakasema adui ametia sumu kwenye visima. Anaeleza dalili kwa mpangilio, kichwa kinawaka, macho mekundu, koo na ulimi damu, chafya, sauti inakauka, kikohozi, kutapika, mwili unaunguza ndani kiasi kwamba mtu hawezi kuvumilia hata shuka jepesi, wengine wakajitupa kwenye matangi ya maji kwa kiu. Wengi walikufa siku ya saba au ya tisa. Anasema ameyaandika ili ikija tena itambulike, na anaongeza kwamba yeye mwenyewe aliugua na aliona wengine wakiugua. Wataalamu hadi leo wanabishana ulikuwa ugonjwa gani, taifodi, ndui, surua, kila mtu na lake.

Lakini mimi kilichonishika zaidi ni anachosema baada ya dalili. Waliokuwa na moyo wa kuwauguza jamaa zao ndio walikufa zaidi. Walioogopa kuwasogelea, wagonjwa wao wakafa peke yao ndani ya nyumba. Waliopona ndio walikuwa na huruma kuliko wote, kwa sababu walijua ugonjwa ulivyo na wenyewe haukuwarudia kwa nguvu ya kuua. Mazishi yakaharibika, mtu anakuta kuni za mwenzake zimepangwa tayari anaweka maiti yake juu na kuwasha, au anatupa maiti kwenye moto unaowaka wa mwingine na kuondoka. Hao ni watu wale wale ambao kurasa chache nyuma waliambiwa wao ni shule ya Ugiriki. Hakuna neno lolote la Thucydides linalokwambia linganisha. Kaviweka jirani tu.

Sicily ndiyo kilele na hapo usisome ukiwa na usingizi. Kwanza Melos, 416 KK, kisiwa kidogo kilichotaka kubaki nje ya vita, Athens ikawaambia waziwazi kwamba wenye nguvu hufanya wanachoweza na wanyonge huvumilia wanachopaswa, kisha ikaua wanaume wote walioshikwa, ikauza wanawake na watoto, ikaleta walowezi 500. Ukigeuza ukurasa, majira hayo hayo, Athens inataka kwenda kuiteka Sicily, na anachokuambia mwandishi ni kwamba wengi wao hawakujua ukubwa wa kisiwa wala wingi wa watu wake, wakati meli ya mizigo inahitaji karibu siku nane kukizunguka. Nicias, mmoja wa majemadari wao, hataki vita, anajaribu kuwatisha kwa kusema basi tutahitaji jeshi kubwa mno, gharama kubwa mno. Badala ya kuogopa wakazidi kupata mori, wakampa kila alichotaja! Na kuna mstari mmoja pale ambao nimeupigia mstari kwa kalamu, kwamba wachache ambao hawakupenda safari ile waliogopa kunyoosha mkono wa kukataa wasije wakaonekana hawaipendi nchi yao, wakanyamaza. Nani hajakaa kwenye kikao cha namna hiyo?

Siku ya kuondoka mji mzima ulishuka Piraeus, tarumbeta ikapigwa kila mtu anyamaze, wakaomba dua pamoja, wakamimina divai kwa vikombe vya dhahabu na fedha, merikebu zikaondoka kwa mstari kisha zikashindana mbio mpaka Aegina. Zilipokusanyika kisiwa cha Corcyra na za washirika zilikuwa 134 na askari wa miguu wenye silaha nzito 5,100. Miaka miwili baadae, 413 KK, wamezingirwa bandarini Syracuse, mji wa Sicily, wako tayari kukimbia usiku, mwezi unapatwa, na Nicias ambaye anaamini mno mambo ya kupiga ramli anakataa kuondoka mpaka zipite siku mara tatu tisa kama waaguzi walivyosema. Huko kuchelewa kuliwagharimu. Mwisho wafungwa wasiopungua 7,000 waliwekwa kwenye machimbo ya mawe, jua linawapiga mchana, baridi ya usiku inawaua, maiti zimerundikana pale pale wanapoishi, na kwa miezi minane kila mtu alipewa kikombe kimoja cha maji na viwili vya nafaka kwa siku. Kwa ramani za Strassler unafuata mafungo yale siku kwa siku, mto kwa mto, na hapo ndipo utaona kwa nini nasema bila ramani unapoteza nusu ya kitabu.

Siwezi kuacha Corcyra. Mji ule uligawanyika, wafuasi wa Athens upande huu, wafuasi wa Sparta upande ule, na wakachinjana mpaka baba kumuua mwana. Thucydides anaeleza jinsi akili za watu zilivyogeuka, aliyekuwa mkali kupita kiasi ndiye aliyeaminiwa, aliyesema tufikiri kwanza akaitwa mwoga, kiapo kikadumu tu pale mtu anapokosa njia nyingine, na waliokuwa katikati wakauawa na pande zote mbili. Anasema mambo haya yametokea na yataendelea kutokea maadamu maumbile ya binadamu ni yale yale. Msomaji wa kwetu akifika hapo atafikiria Rwanda 1994, atafikiria Kenya mwanzoni mwa 2008, na hahitaji kuelekezwa. Na kama bado unadhani huyu ni mwandishi baridi asiye na moyo, kasome Mycalessus, mji mdogo ulioingiliwa alfajiri na askari wa kukodi wa Thrace, wakaua kila kilicho hai hadi mifugo, wakaingia shule kubwa kuliko zote pale, watoto ndio kwanza wamefika, wakawakata wote. Anasema kwa ukubwa wa mji ule hakuna jambo la vita ile lililostahili kuliliwa kuliko hilo.

Sasa mapungufu, manake nayo yapo. Huyu mwandishi wanawake hawaoni karibu kabisa, na kwenye hotuba ya Pericles wajane wanaambiwa sifa yao ni kutozungumzwa na wanaume kwa wema wala ubaya, basi. Watumwa wanatajwa wakitoroka au wakiuzwa. Sanaa na falsafa ya Athens ya wakati ule haimo, anakueleza mapigano ya Delium na mwanafalsafa Socrates alikuwemo kwenye jeshi lile lakini hamtaji. Chuki yake kwa Cleon iko wazi, usimwamini sana anapomzungumzia Cleon. Na miungu kaiweka pembeni, kwa hiyo ukitoka kumsoma Herodotus, mwanahistoria aliyemtangulia, mwenye simulizi za mamba na mafarao na ndoto za wafalme utaona huyu ni mkavu. Mimi nawapenda wote wawili, ila Herodotus unamsoma ukiwa umetulia, Thucydides unamsoma ukiwa na kalamu.

Kuna pia hii tabia ya kumnukuu kwa sentensi moja. Siku hizi kila wakizungumzia Marekani na China utasikia habari ya mtego wa Thucydides, wazo lililosambazwa na Graham Allison wa Harvard, kwamba nguvu ya Athens ilivyokua na hofu ya Sparta vita ikawa haiepukiki. Sentensi ipo kweli kitabu cha kwanza. Lakini soma vikao vyenyewe vinavyofuata, mfalme Archidamus wa Sparta anawaambia watu wake wasikimbilie vita, wajipange kwanza, watume wajumbe. Wakachagua kutomsikiliza. Kitabu kizima kimejaa watu walioweza kuchagua vingine.

Kwa upande wa toleo nina malalamiko matatu. Tafsiri ni ya Richard Crawley ya 1874 iliyorekebishwa kidogo, nzuri, ina uzito wake, ila Kiingereza chake ni cha zamani na sentensi zake ndefu, hotuba nyingine itabidi uzirudie, kama Kiingereza kinakupa shida chukua ya Rex Warner ya Penguin au ya Martin Hammond ya Oxford japo huko ramani hutazipata kwa wingi huu. Pili, maelezo ya chini ya ukurasa mengi ni ya kukuelekeza ramani tu, jina la mji huo huo linarudiwa na kurudiwa, ningependa baadhi yawe ya kueleza jambo. Tatu ni uzito, kurasa zaidi ya 700 na karatasi pana, sio cha kushika mkono mmoja ukiwa umelala chali, na ramani zenyewe ni nyeusi na nyeupe. Natamani pia siku moja mtu amfanyie Thucydides kile Mwalimu Nyerere alichomfanyia Shakespeare kwenye Juliasi Kaizari, hotuba hizi kwa Kiswahili kizuri zingewaka moto.

Kununua kuwe na tahadhari. Tafsiri ya Crawley haina tena hakimiliki, kwa hiyo mtandaoni kuna vitabu vya bei chee vyenye maneno yale yale bila ramani hata moja, vingine vimechapwa ovyo, herufi ndogo, aya zimeshikana. Hakikisha jina la Strassler liko kwenye jalada. Kama huna uhakika utampenda mwandishi, tafsiri hiyo ya Crawley ipo bure Project Gutenberg, kasome kwanza habari ya tauni kitabu cha pili na kikao cha Mytilene kitabu cha tatu, zikikushika ndipo utoe hela. Nakala zilizotumika zipo na mimi naona zinafaa kabisa, kitabu hiki kimefungwa imara. Ukikipata, ruka zile sura za mwanzo kabisa za historia ya kale ya Ugiriki kama zinakuchosha, anzia mgogoro wa Corcyra na Corinth (sio ule wa kuchinjana wenyewe kwa wenyewe), utazirudia baadae mwenyewe kwa hiari.

Jambo la mwisho la kujua kabla hujalipa, hadithi haiishi. Inakatika mwaka 411 KK katikati ya mambo, vita ina miaka saba mbele, Thucydides hakumaliza. Strassler kaweka sura fupi ya kukueleza kilichofuata lakini kama unataka kuona Athens inavyoanguka inabidi umtafute Xenophon, aliyeendelea kuanzia pale pale, na kwenye mfululizo huu huu yupo, toleo la 2009 la tafsiri ya John Marincola, nalo lina ramani za aina hii hii. Nyota nne na nusu kati ya tano kwa hiki, ile nusu nimekata kwa ajili ya maelezo ya chini, na hicho cha Xenophon nimeshakiagiza.